Mwisho wa The Pledge sio mbovu hata kidogo
Kuna mtu kaandika eti filamu ya The Pledge ya 2001 imeharibika mwishoni kwa sababu mpelelezi mstaafu anahangaika filamu nzima kumtafuta muuaji wa binti mdogo halafu muuaji hakamatwi, mimi hapo nakataa kabisa. Muuaji alikuwa njiani anakuja kwenye mtego wa mpelelezi jamani, akapata ajali akaungua ndani ya gari, sisi watazamaji tunaona ila Jerry Black, yule mpelelezi, hajui, na hapo ndo uchungu wote ulipo, mzee alikuwa sahihi toka mwanzo lakini hakuna hata mtu mmoja anayemwamini. Jack Nicholson aliyemwigiza pale mwisho amekaa peke yake anaongea mwenyewe, mi ile sehemu nimeirudia mara tatu na bado inaniuma. Na wazo lenyewe sio la Sean Penn aliyeiongoza filamu, ni la Friedrich Dürrenmatt yule mwandishi wa Uswisi, alishiriki kuandika filamu ya 1958 ambayo muuaji anapatikana, hakuridhika, akaigeuza kuwa riwaya mwaka huohuo na makusudi kabisa akamnyima mpelelezi ushindi. Kinachonisumbua mimi zaidi ni yule mtoto wa kike aliyewekwa kwenye mtego, maana mzee alimpenda kweli na bado akamtumia kama chambo bila mama yake kujua, kisa aliapa mbele ya mama wa yule binti aliyeuawa. Hivi nyie mnaona pale alikuwa bado anatafuta haki au ile ahadi ilishamvuruga akili?