Bayocha Haitafuta Hitaji la Chokaa Nyanda za Juu

Ng'oa mche wa mahindi uliodumaa katika shamba lililochoka Njombe au Mbozi, utazame mizizi: minene, mifupi, imevimba nchani. Majani ya chini yana zambarau. Mara nyingi hiyo ni dalili ya tindikali kwenye udongo. Mvua za miaka mingi zimeosha kalisi, na mbolea ya SA au DAP inayorudiwa kila msimu bila chokaa inazidisha tatizo. pH, yaani kipimo cha tindikali, ikishuka chini ya 5.5, aluminiamu huyeyuka na kuunguza mizizi, huku fosforasi uliyoinunua kwa bei ikinaswa na udongo.

Kwa hiyo naelewa kwa nini bayocha inavutia, hata wengine wakasema ichukue nafasi ya chokaa. Ni makaa ya mabaki ya mimea yaliyochomwa kwa hewa kidogo. Majivu yake hupunguza tindikali, na makaa yenyewe hukaa udongoni miaka mingi yakishika maji na virutubisho. Mabaki tunayo: maganda ya mpunga Ubaruku, ya kahawa Mbozi, vumbi la mbao Mufindi.

Ila anayemwambia mkulima aachane na chokaa anampotosha. Kilo kwa kilo, chokaa huzidi bayocha nyingi kwa kuondoa tindikali, na chokaa yenyewe inachimbwa Songwe. Halafu piga hesabu. Kiwango cha tani 10 kwa hekta, kinachotumika sana kwenye majaribio, ni tani 4 kwa eka. Hata maganda yakitoa bayocha theluthi ya uzito wake, unahitaji tani 12 za maganda kwa eka, tena ni mzigo mwepesi wenye ujazo mkubwa, unaojaza Fuso upesi. Na mpunga wa Ubaruku uko bondeni Usangu, tindikali kali iko milimani. Nauli itameza faida, labda bayocha iwekwe kwenye mashimo ya kupandia tu, kama wafanyavyo baadhi ya wakulima Zambia.

Kinachonitia hofu zaidi ni taka za viwandani zinazotolewa bure. Vumbi la nguzo za umeme zilizotiwa dawa laweza kuwa na shaba, kromiamu na aseniki, na moto haumalizi sumu hizo. Lisifike shambani kabisa. Vumbi safi nalo likimwagwa bichi, vijidudu vinavyoliozesha hunyang'anya mahindi naitrojeni.

Tena si kila shamba linahitaji tiba hii. Chai ya Rungwe hupenda tindikali, na viazi mviringo vikizidishiwa chokaa hushikwa na ukurutu, ugonjwa unaokwaruza ganda la kiazi. Udongo upimwe kwanza. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole kiko hapo Mbeya.

Mimi ningeanzia Mbozi na Mufindi, ambako mabaki na udongo mchachu viko pamoja: chokaa kwanza, kisha bayocha iliyochanganywa na samadi.