Kupima fedha si kusoma picha: fluoresensi ya eksirei kwenye filamu za radiografia

Filamu ya eksirei iliyokwisha kusafishwa ni plastiki iliyopakwa gelatini yenye chembe za madini ya fedha: palipo na weusi chembe ni nyingi, palipo na weupe ni chache mno. Tumezoea kuisoma kwa mwanga, ama kwenye kisanduku cha taa ama kwa skana. Njia nyingine ni kuipiga kwa mwali mwembamba wa eksirei, nukta baada ya nukta, na kupima eksirei ambazo atomu za fedha zenyewe hutoa zikisisimuliwa. Hiyo ndiyo fluoresensi ya eksirei, na swali ni kama faida yake inalingana na taabu yake.

Hoja nzito ya watetezi wake imo katika sehemu nyeusi sana. Weusi hupimwa kwa logi: ukifika 3, hupita sehemu 1 tu ya mwanga kati ya 1,000, na ukifika 4, 1 kati ya 10,000. Filamu za kukagulia maungio ya chuma yaliyochomelewa mara nyingi huwa kati ya 2 na 4, na hapo skana nyingi hupapasa gizani. Fluoresensi haizuiwi na giza hilo, kwa kuwa katika tabaka jembamba kama hili fedha ikiwa maradufu, ishara nayo huwa takriban maradufu. Hata filamu kuukuu, ambayo fedha yake imeungana na salfa ikageuka kahawia, bado ina atomu zilezile za kuhesabiwa. Zaidi ya hayo, bromini, iliyomo katika chumvi za fedha za filamu mbichi, ikionekana karibu na kiloelektronivolti 11.9 (kipimo cha nishati ya eksirei), ni dalili kwamba dawa ya kuondoa chumvi za fedha zisizopigwa na eksirei haikumaliza kazi yake. Jambo hilo jicho haliwezi kulithibitisha.

Hata hivyo, kipimo chenyewe kina mitego. Fedha hutoa mistari miwili mikuu, yaani eksirei za nishati mbili maalumu, mmoja kwenye kiloelektronivolti 22.2 na mwingine karibu na 3. Huo wa chini unakaribia kugongana na mstari wa agoni, gesi ambayo ni takriban asilimia 1 ya hewa tunayovuta, hivyo anayepima hewani bila kuondoa mchango wake anaweza kuona fedha mahali ambapo haipo. Tena filamu nyingi za hospitali hupakwa pande zote mbili: mstari wa chini humezwa karibu wote na plastiki ya katikati na kuonyesha upande mmoja tu, ilhali ule wa juu hupenya na kuchanganya pande zote mbili. (Mwenye subira anaweza kuugeuza udhaifu huu kuwa nyenzo ya kutenganisha tabaka hizo.)

Kizuizi kinachoumiza zaidi ni muda. Filamu ya sentimita 35 kwa 43, ikipimwa kila milimita 0.1, ina nukta zaidi ya milioni 15; hata kwa sekunde 0.1 kwa nukta, kazi hiyo huchukua siku 17. Kuharakisha kuna gharama yake, kwani nukta yenye hesabu 100 tu ina mashaka ya asilimia 10.

Lakini pingamizi ninaloliona kubwa kuliko yote ni la maana, si la mashine. Kiasi kilekile cha fedha kikiwa katika chembe ndogo huzuia mwanga zaidi kuliko kikiwa katika chembe kubwa, kwa hiyo ramani ya fedha si lazima ifanane na picha aliyoitazama daktari au mkaguzi alipotoa uamuzi. Kuihifadhi ramani hiyo badala ya picha ni kubadilisha ushahidi.

Kwa sababu hiyo nisingeipeleka maktaba nzima ya filamu kwenye kifaa hiki. Ningezisoma zote kwa mwanga kwanza, kisha nichague sehemu iliyozama gizani au yenye doa la kutiliwa shaka: eneo la sentimita 2 kwa 2, kwa vipimo vilevile, huchukua saa moja na dakika chache.