Sukari Bandia Umeiweka Mahali pa Nini?

Mabishano kuhusu sukari bandia yamenichosha. Huyu anasema ni sumu ya maabara, yule anasema haina kalori, basi tunywe tutakavyo. Wote wawili huizungumzia kana kwamba huliwa peke yake, nje ya mlo. Mimi nikiulizwa kama ni nzuri au mbaya, nami huuliza: umeiweka mahali pa nini?

Chukua mtu anayekunywa soda mbili kwa siku. Kopo moja la mililita 330 hubeba takriban gramu 35 za sukari, yaani kilokalori 140 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwa anayekula kilokalori 2,000 hiyo ni gramu 50 tu. Soda zake mbili zimeshavuka mpaka kabla hajala chochote. Akihamia soda isiyo na sukari, anapunguza kilokalori 280 kila siku bila kugusa sahani yake. Majaribio yanayolinganisha makundi mawili ya watu yameonyesha kwamba badiliko la namna hii hupunguza uzito. Si uzito wa kutisha, lakini hupungua. Mtu huyo nampongeza.

Mwingine alikuwa akinywa maji, akasikia kuna soda "isiyo na kitu", akaanza kuinywa. Yeye hajapunguza chochote, maana maji nayo hayana kalori. Meno yake ndiyo yameingia gharama: bakteria wa mdomoni hawawezi kuitumia sukari bandia kutengeneza asidi inayotoboa meno, lakini soda yenyewe ina asidi yake, na hiyo humomonyoa meno iwe na sukari au isiwe nayo.

Halafu yuko yule ninayemwona kila mahali: ameagiza soda isiyo na sukari, na kwa kuwa "ameokoa", anajiongezea kipande cha pili cha keki. Hesabu yake mnaweza kuimaliza wenyewe.

Soda hizi zisizo na sukari zinawezekana kwa sababu ya ukali wa utamu wa sukari bandia. Aspatamu na sukralosi ni aina mbili za sukari bandia: ya kwanza ni tamu mara 200 hivi kuliko sukari, ya pili mara 600. Aspatamu ina kilokalori nne kwa gramu, sawasawa na sukari, ila unahitaji chembe tu, ndiyo maana kalori hizo hazihesabiki. (Utamu wa sakarini, aina nyingine ya sukari bandia, mwaka 1879 na wa aspatamu mwaka 1965 uligunduliwa na wanakemia waliojikuta na vidole vitamu. Usafi wa maabara tuuache.)

Kwenye kinywaji, basi, kazi ni rahisi: toa sukari, tia chembe, jazia maji. Kwenye biskuti mambo hubadilika, na hapa ndipo maneno "bila sukari" yanapowapoteza wengi. Sukari katika biskuti haileti utamu peke yake. Huipa ujazo, hushika unyevu, huipaka ile rangi ya kahawia. Ukiitoa, pengo lake lazima lijazwe, na mara nyingi hujazwa kwa unga, mafuta, au vitamu vya jamii ya sobitoli na malitoli. Malitoli ina zaidi ya nusu ya kalori za sukari, na ukiifakamia tumbo litanguruma hadi uitafute njia ya choo. Kwa hiyo geuza pakiti, soma kalori kwa gramu 100, kisha linganisha na biskuti ya kawaida. Tofauti huwa ndogo kuliko maandishi ya mbele.

Kuhusu saratani, sitaki kuwatisha wala kuwabembeleza. Sakarini ilipata jina baya miaka ya 1970 baada ya panya kuota uvimbe kwenye kibofu. Baadaye ikaonekana kwamba njia iliyowadhuru panya hao haihusiani na mwili wa binadamu, na mwaka 2000 Marekani ikaondoa onyo lililokuwa kwenye pakiti. Julai 2023 ikawa zamu ya aspatamu: wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, huku ushahidi wakiuita hafifu. Wakati huohuo kamati inayopima viambato vya chakula ilibakiza bila kubadilisha kiwango cha juu cha zamani, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa mtu wa kilo 70, kulifikia kunahitaji makopo tisa au zaidi. Anayekunywa makopo tisa kwa siku ana mazungumzo mengine ya kufanya na daktari. Wanaopaswa kuiepuka aspatamu kabisa ni wale waliozaliwa na fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi, kwa kuwa miili yao haimudu fenilalanini, kijenzi cha protini kinachotoka humo.

Mei mwaka huohuo Shirika hilo lilishauri watu wasizitegemee sukari bandia kudhibiti uzito kwa muda mrefu. Nakubali nusu. Sehemu kubwa ya ushahidi wa ushauri huo hutoka kwa watu waliofuatiliwa miaka mingi, na wanaokimbilia vinywaji hivi mara nyingi ni walioanza kunenepa tayari, hivyo ni vigumu kujua kipi kilitangulia. Nusu ninayoikubali ni ya watoto: sioni sababu ya kumzoesha mtoto utamu mkali wa aina yoyote wakati maji yapo.

Ushauri ule haukuwalenga walio na kisukari tayari. Kwao kikombe cha chai chenye sukralosi ni nafuu ya kweli, kwani hakipandishi sukari ya damu kama kijiko cha sukari. Wanga wa biskuti inayosindikiza chai hiyo bado huipandisha. Na wanaotumia insulini wasisahau upande wa pili: sukari ya damu ikishuka ghafla, jasho likawatoka na mikono ikatetemeka, soda isiyo na sukari haitawasaidia hata kidogo. Hapo inatakiwa sukari yenyewe, na upesi. Makopo ya aina hizi mbili hufanana, na aliyezidiwa hasomi vizuri, kwa hiyo anayemhudumia asome yeye kabla ya kufungua.