Nilivyomkogesha Baba Mkwe Josho la Ijumaa

Jirani yangu, ambaye kwa ajili ya amani ya mtaa sitamtaja, amekwisha kuisambaza habari hii katika kundi la mtaa tangu juzi saa nane mchana. Katika simulizi lake inadaiwa kwamba nilimmwagia maji baba mkwe kwa makusudi, nikamwita mama yangu kwa sauti, kisha nikakimbilia chooni na kujifungia. Naona ni haki yangu kuandika mambo yalivyokuwa. Makusudi hayakuwepo. Mama yangu sikumwita, maana nilimwita mke wangu, jambo ambalo ukilitafakari ni baya zaidi, kwa kuwa aliyelowa ni baba yake. Chooni nilikwenda, lakini baadaye, na wala sikujifungia, kwa sababu kitasa cha mlango huo kimeharibika tangu Ramadhani.

Sentensi aliyofungulia habari ilikuwa hii: “Jirani yetu amemkogesha mkwewe josho la Ijumaa.” Ninakiri kwamba ni sentensi nzuri, na ingemhusu mtu mwingine ningeicheka hadi jioni, kama mlivyofanya ninyi mlionitumia vile vikatuni vya kulia kwa kicheko.

Chanzo cha yote ni mpira wa kumwagilia maua. Miezi minane iliyopita mke wangu alichoka kubeba ndoo kutoka kwenye tangi hadi kwenye asumini na mchicha wake ulioko nyuma ya nyumba yetu hapa Kimara, Dar es Salaam, nami nikajitolea kwenda Kariakoo kununua mpira. Kabla sijaondoka alimpigia simu baba yake aliyeko Tanga, mzee aliyestaafu Zimamoto, mtu aliyeishika mipira ya maji tangu mimi sijazaliwa. Mzee akaomba kuzungumza nami, akasema neno moja: “Mwanangu, mpira hauangaliwi mgongo, unaangaliwa kwenye mkato.” Nikamjibu, “Nimekuelewa, Baba,” kwa ile sauti anayoitumia mtu ambaye hakuelewa na hana nia ya kuelewa.

Pale mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo, ambako maduka ya vifaa vya ujenzi yanatandaza bidhaa zake hadi barabarani na mipira imelala miviringo kwa miviringo kama chatu walioshiba, muuzaji alinitolea aina mbili. Wa kwanza ulikuwa wa kijani kilichofifia, wa inchi robo tatu, mzito, usio na mvuto wowote. Aliponionyesha ncha yake iliyokatwa niliona tabaka tatu: jeusi kwa ndani, la kijani kwa nje, na katikati nyuzi nyeupe zilizopishana kama wavu wa kuvulia dagaa. Bei yake ilikuwa shilingi 3,500 kwa mita. Wa pili ulikuwa wa nusu inchi, mwepesi, angavu, wenye weupe wa kuelekea buluu, unaong'aa kama kioo cha duka la dhahabu, na uliuzwa shilingi 1,200. Mkato wake ulikuwa na tabaka moja tu.

Naomba ifahamike kwamba muuzaji hakunidanganya. Aliikunja yote miwili mbele ya macho yangu. Ule wa nyuzi ulipinda kama upinde na maji yangeendelea kupita, lakini ule angavu ulivunjika katikati kama shingo ya kuku aliyekwisha kuchinjwa. Akaniambia waziwazi, “Bosi, huu hauna nyuzi, ni wa maji ya taratibu.” Nami, mbele ya wateja wengine watatu, nikatoa hoja ambayo tangu juzi inanirudia kila nikifumba macho: kwamba mpira angavu ni bora kwa sababu mtu anayaona maji yanavyopita, na kama yana uchafu atajua mapema. Nilizungumza kama mtu anayenunua kifaa cha maabara. Nikachukua mita 30 kwa shilingi 36,000 badala ya 105,000, nikauvaa mviringo begani, nikapanda basi la mwendokasi hadi Kimara huku abiria wakiniinamia kwa tabu, na njia nzima nikihesabu kichwani shilingi 69,000 nilizoziokoa.

Kwa miezi hiyo minane nilikuwa mshindi. Tangi letu limekaa juu ya mnara wa mita tatu, maji yanashuka yenyewe, na mpira uliyapokea bila malalamiko. Ni kweli kwamba ulianza kubadilika. Nilikuwa nikiuacha chini ya ukuta, juani, na maji ndani yake, na kwa kuwa mwanga unapenya, ukoga wa kijani uliota ndani hadi yale maji niliyotaka kuyaona yakapotea kabisa. Upande uliotazama jua nao ulikuwa wa manjano na mkavu kama ngozi ya ngoma. Mke wangu alipouliza nilimwambia kuwa ni rangi yake ya asili. Naona baadhi yenu mnatikisa vichwa. Endeleeni, bado hatujafika.

Wiki iliyopita, kwa kuwa maji yalikuwa hayafiki vizuri kwenye asumini za mwisho, nilinunua pampu ya nusu farasi, kama wanavyozipima, nikaifunga baina ya tangi na koki. Niliijaribu usiku kwa dakika moja bila mpira, ikarusha maji hadi kwenye ukuta wa jirani, nikaridhika. Alhamisi ya wiki hiyohiyo baba mkwe aliwasili kutoka Tanga, kwani Ijumaa baada ya swala kulikuwa na nikaha ya mpwa wake, naye ndiye aliyekuwa msemaji wa upande wa bibi harusi.

Ijumaa saa sita kasoro robo alitoka barazani akiwa amekwisha kutia udhu na kuvaa. Nitamweleza alivyokuwa, maana hakurudi tena katika hali hiyo. Alivaa kanzu nyeupe aliyoletewa kutoka Maka, ambayo mke wangu aliipiga pasi asubuhi mara mbili, kofia ya vito iliyokaa wima kichwani, na makubadhi mapya ya Tanga yaliyokuwa bado yanalia kila akikanyaga. Alisimama kwenye ngazi ya baraza akisubiri gari.

Hakuna mtu anayemwagilia maua saa sita mchana, na mzee aliniambia hivyohivyo: “Saa hizi, juani?” Nikajibu kwamba asumini zina kiu. Ukweli ni kwamba nilitaka aione pampu. Nilitaka mtu wa Zimamoto aone kwamba hata kwa mkwewe maji yanaruka.

Nikachomeka mpira kwenye koki na kuufunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, nikauburuta ukapita kando ya ngazi, ukakata kona ya baraza hadi bustanini, nikawasha swichi iliyoko ukutani, kisha nikaenda kuishika ncha. Maji hayakuja. Niliisikia pampu ikibadilisha sauti, ikaacha kuimba na kuanza kuguna, mfano wa mtu anayesukuma kabati peke yake. Nikageuka.

Pale kwenye kona ya baraza, mahali ambapo mpira umezoea kukunjika, ulikuwa umekunjika. Na nyuma kidogo ya mkunjo huo, sambamba na ngazi, palikuwa pameota kitu kwenye mpira, ukubwa wa ndimu. Nikakitazama. Kikawa chungwa. Pampu ikaguna zaidi, kikawa balungi, na ngozi ya mpira ikawa nyembamba kiasi kwamba kwa mara ya kwanza tangu miezi mitano niliweza kuona ndani, ambako nyuzi za ukoga zilikuwa zikizunguka polepole kama samaki wa mapambo. Nakumbuka kwamba niliwaza, kwa utulivu kabisa, kuwa muuzaji alisema kweli.

Baba mkwe naye aliliona balungi. Hakupiga kelele. Alikunja kidogo pindo la kanzu kwa vidole viwili na kusema kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba chumvi mezani: “Mwanangu, zima mashine.”

Swichi ilikuwa hatua nne kutoka nilipokuwa. Nimekwenda kuzihesabu tena leo asubuhi, na ni hatua nne. Mimi badala yake niliamua kwamba dawa ni kuunyoosha mkunjo, nikauvuta mpira kwa nguvu zangu zote. Mkunjo haukunyooka. Kilichotokea ni kwamba balungi lilisogea nusu mita, likajigeuza, na likasimama likimtazama mzee kifuani.

Lilipasuka kwa mlio wa tairi la bajaji. Maji ya kwanza yalikuwa yale yaliyolala juani tangu Jumanne, yenye joto la kuogea na rangi ya kisamvu, nayo yalichora mstari mmoja wa mshazari kutoka bega la kulia, ukapita kifuani, ukashuka hadi kwenye kubadhi la kushoto. Kisha mpira uliochanika ukainuka wenyewe, ukayumba hewani, ukaelekea kwenye mchicha, halafu ukarudi kama mtu aliyesahau kitu, na ukaichukua kofia. Mzee hakurudi nyuma hata hatua moja. Nadhani wao wamefundishwa hivyo. Alisimama wima huku maji, ambayo sasa yalikuwa safi kabisa, yakimpiga tumboni, na uzi wa ukoga ukiwa umening'inia kwenye sikio la miwani, akasema, “Sasa zima.”

Hapo ndipo nilipomwita mke wangu, na hapo ndipo kichwa cha jirani kilipochomoza juu ya ukuta.

Yaliyofuata nitayapitisha haraka. Nilizima. Mzee alibadilisha nguo, akavaa kanzu yangu, na kwa kuwa yeye ni mrefu na mimi ni huyu mnayenijua, ilimfika katikati ya miundi. Alikwenda nikaha akiwa hivyo, akakaa mstari wa mbele. Kanzu ya Maka imelowekwa kwenye ndimu na chumvi mara tatu, na mstari sasa ni wa manjano. Mke wangu kwa siku nzima ya Ijumaa aliniambia neno moja tu, nalo lilikuwa “chumvi”.

Usiku mzee alivaa miwani na kwenda na tochi kusoma kibao cha pampu, akaniita. Kibao kiliandika kwamba inaweza kusukuma maji kwenda juu mita 35. Akanieleza kwamba kila mita kumi za kimo cha maji ni kama baa moja, kipimo ambacho alisisitiza kuwa hakihusiani na vinywaji. Kwa hiyo tangi langu lilikuwa likiusukuma ule mpira kwa theluthi ya baa hivi, na pampu, ilipokuta njia imezibwa na mkunjo, iliusukuma kwa nguvu ya zaidi ya mara kumi, tena mpira uliolainishwa na jua la saa sita. Kazi ya zile nyuzi za katikati ni kuuzuia usivimbe, na ndiyo maana mipira yao ya Zimamoto huvikwa vazi zima la kusukwa. “Mpira bila nyuzi ni puto refu,” alisema. Hakusema mengine, ingawa nilisubiri.

Jana asubuhi alinipeleka Gerezani mwenyewe, duka lilelile. Muuzaji alinikumbuka, na kwa heshima hakusema kitu, alicheka kwa mabega tu. Mzee aliuliza kwanza umbali kutoka kwenye koki hadi ua la mwisho, na nilipobabaika akajibu mwenyewe kwamba ni hatua kumi na saba, kwa kuwa alikwisha kuupima alfajiri. Aliomba mpira ukatwe upya mbele yake, akauchunguza mkato kwa kidole kuona kama unene uko sawa pande zote, akaukunja, akaunusa, kisha akachukua mita 20 za ule wa kijani usio na mvuto, na vibano viwili vya chuma vya kuchukua nafasi ya tyubu yangu. Mita zangu kumi za ziada, alisema, zilikuwa za kukunjikia. Mpira peke yake ulikuwa shilingi 70,000. Ile akiba niliyoihesabu ndani ya mwendokasi ilipungukiwa shilingi elfu moja tu kuulipia.

Sasa umezungushiwa kwenye ringi kuukuu ya gari, ambayo mzee aliipigilia ukutani chini ya paa, kivulini, na kila ukimaliza kutumika unamwagwa maji yote, kwani kwa amri yake maji hayalali ndani ya mpira. Ameondoka leo na basi la saa moja, kanzu ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Aliniaga kwa mkono, na akaniambia nisisahau kunywa maji.

Saa nne jirani alibisha hodi, yeye mwenyewe, mwandishi wa josho, akitaka kuazima mpira kwa ajili ya kuosha gari. Macho yake yalikuwa kwenye ringi. Nilimkaribisha, nikamwambia kwamba sina kinyongo, nikamkabidhi ule angavu, mita 21 zilizosalimika, na nikamwuliza kwa upole kama na yeye amekwisha kununua pampu.

Akasema ndiyo, tena ya farasi mzima.