Nimeitwa Kutazama Zohali

Usiku mmoja wa Novemba 2025 yalinifika hapa. Mtu umerudi umechoka, foleni imekumaliza, bando limekata katikati ya habari, unaingiza mguu mmoja kitandani, mara mlango unagongwa. Si mwenye nyumba, maana yule hagongi, anakohoa tu. Ni jirani. "Jirani, toka upesi, Zohali imekaa vizuri!"

Ilikaa vibaya lini, sayari hiyo yenye pete? Iko zaidi ya kilomita bilioni moja kutoka hapa na haina haraka na mtu, jua lenyewe inalizunguka kwa miaka 29 na ushee. Ingeshindwa kunisubiri mpaka Jumamosi?

Mambo ya angani yana tabia moja: yanatangazwa kwa kelele za kuvunja mlango, ukitoka nje unakuta nukta. Mwaka 2024 tuliambiwa dunia imepata mwezi wa pili. Tukakaza shingo. Kumbe ni kijiwe kinaitwa 2024 PT5, mita 10 hivi, macho matupu hayakioni, na Novemba haijaisha kimeshajiondokea. Mwaka huohuo tukaahidiwa nyota ya kwenye kundi la Corona Borealis italipuka, kwa kuwa hulipuka kila miaka 80 hivi na mara ya mwisho ilikuwa 1946. Septemba iliyosubiriwa ikapita, nyota kimya. Na wanasema hata ikilipuka, mwanga wake umesafiri karibu miaka 3,000 kutufikia. Yaani hata habari yenyewe itakuja imechacha.

Halafu huyu mgeni 3I/ATLAS, aliyegunduliwa Julai 1, 2025. Ni wa tatu kujulikana kuja kutoka nje ya mfumo wetu wa jua, baada ya ʻOumuamua mwaka 2017 na Borisov mwaka 2019. Ni nyotamkia, lakini nendeni mkawaambie hivyo wale walioapa kwamba ni chombo cha viumbe wanakuja kutukagua. Mwanzoni mwa Oktoba chombo cha NASA, shirika la anga la Marekani, kinachoizunguka sayari ya Mirihi kikampiga picha mgeni huyo kutoka kilomita milioni 30, ambazo kwa wenzetu ni karibu. Haya, tuone picha. Ofisi zimefungwa! Bajeti ya Marekani ilikuwa haijapita, shughuli za serikali zimesimama tangu Oktoba 1. Mgeni katoka kwenye nyota nyingine huko, anafika anakuta dirisha limefungwa. Wala sikushangaa, dirisha hilo nalijua. Picha zikatoka Novemba 19, nikazifungua kwa bando la mwisho. Doa jeupe lenye ukungu. Picha yangu ya kitambulisho ina afadhali, na ile mama yangu mzazi aliikana.

Basi nikapanda juu ya paa. Nimekuta jirani ameisimamisha darubini kwenye miguu mitatu, mmoja umefungwa kwa kamba ya kiatu. Kaichukua kwa mkopo, hilo alininong'oneza mkewe asisikie. Foleni ipo: mke mwenyewe, watoto wa chini, mzee mstaafu mwenye miwani juu ya miwani, na kijana mmoja kashika simu. Jirani amejipa cheo. "Msiguse! Msipumue kwenye kioo!"

Kila mtu anainama, anafumba jicho moja, kimya kidogo, halafu "Eeeh! Nimeiona!" Mzee mstaafu alitoa mpaka shukrani kwa Muumba. Zamu yangu ilipofika nikainama kwa awamu, mgongo ukiruhusu, nikiwa na heshima zangu zote. Nikachungulia. Giza tupu.

"Jirani, hamna kitu humu."

Akachungulia, akacheka. "Aa, imeshatoka. Dunia inazunguka, ukikaa dakika moja hivi sayari inaondoka kwenye kioo."

Nikaigeukia foleni. Watoto wakatazama chini. Mzee akafuta miwani, ile ya juu.

Ikatafutwa upya. Nikaiona: kidude cha manjano kinatetemeka, mstari mwembamba umekipita katikati, kama shanga iliyotungwa kwenye uzi.

"Pete ziko wapi?"

"Si hizo."

"Huo ni mstari, jirani. Mimi nimeitwa kwenye pete."

Akanieleza, kwa upole wa daktari mwenye majibu mabaya. Pete hizo zina upana wa kilomita 280,000 hivi, lakini unene sehemu nyingi ni kama mita 10 tu. Mwaka huo wa 2025 tulikuwa tunaziangalia kwa ubavu: Machi 23 zilitulalia kabisa, na Novemba hiyo zikabaki uzi tena. Kila miaka 15 hivi hufanya hivyo. Mimi nisiyeitwaga popote, nimeitwa mwaka huo.

"Zitafunguka lini?"

"Polepole. Mwaka 2032 zitakuwa wazi kabisa."

Elfu mbili thelathini na mbili! Mwaka uleule wa lile jiwe la angani, 2024 YR4, lililogunduliwa kutoka Chile Desemba 2024, wakasema huenda likatugonga Desemba 22, 2032. Februari uwezekano ulifika asilimia 3.1. Mimi nilikuwa nimeshajipanga. Kuna mtu nilimwahidi deni lake Januari 2033. Siku chache baadaye wakapiga hesabu upya wakalifuta, bila hata kutuuliza wenye mipango.

Nikiwa bado naongea, kijana akaegesha simu kwenye kioo, akakanyaga mguu wa darubini, kamba ikafyatuka. Mdomo wa darubini ukashuka toka mbinguni ukatua kwenye dirisha la ghorofa ya mbele, pazia wazi.

"Mnachungulia nini nyie?"

"Shikamoo mama! Zohali!"

"Zohali ipo chumbani kwangu?"

Sasa unamjibu nini mtu kama huyo? Unaanzia wapi, kwenye miezi? Maana Machi 2025 sayari hiyo iliongezewa mingine 128, jumla ikafika 274, na mimi huu mmoja haunifikishi hata tarehe ishirini. Jamani mimi nataka kulala! Bomba limekauka tangu Jumatatu, na kule kituo cha anga wanasafisha mpaka jasho na mkojo, wanarudisha asilimia 98 ya maji yao. Sisi hata mkojo wenyewe unatoka kwa shida kwa kukosa cha kunywa.

Na msinitajie wale wanaanga wawili, Butch Wilmore na Suni Williams, walioaga kwa siku 8 wakakaa 286. Niliposoma habari hiyo nilimtazama shemeji yangu pale kwenye kochi, nikanyamaza.

Bora wao vitu vyao havipotei. Novemba 2023 wanaanga waliponyokwa na mkoba wa zana nje ya kituo, ukawa unazunguka dunia, na watu wa huku chini wakauona kwa darubini za mkononi. Mimi nimeshuka paani sikuti ndala yangu ya kushoto. Iliyobaki ni ya kulia, na pembeni yake nyingine ya kulia tena, namba ndogo, si yangu. Namshuku mzee mstaafu, ila mtu mzima hashikwi bila ushahidi. Asubuhi yake nikamkuta kwenye ngazi, nikampa shikamoo yake huku macho yangu yako miguuni. Kavaa soksi na viatu vya kamba. Saa kumi na mbili asubuhi, mtu anakwenda kumwaga taka.