Nyama Imeiva, Nyinyi Mko Wapi?

Daktari alimwambia Mheshimiwa atembee. Hakumwambia atembee nasi, wala hakutaja kinamasi, tope au mahindi ya watu. Hayo tuliyaongeza wenyewe, mezani, baada ya Mheshimiwa kutusomea karatasi yake ya vipimo. Sukari imepanda. Presha imepanda. Uzito umepanda.

"Kura tu ndizo zilikataa kupanda," Mwalimu akasema.

Niwajulishe hawa watu. Mheshimiwa hajawahi kuwa mheshimiwa. Aliwania kiti cha mwakilishi wadi, akashindwa hata katika kituo alichopigia kura yeye mwenyewe na mkewe, ila jina la heshima alikuwa ameshalizoea, akakataa kulirudisha. Mwalimu naye alifundisha Jiografia mpaka akastaafu, na tangu astaafu hana wanafunzi wengine isipokuwa sisi. Mimi niliitwa kwa sababu nilikuwa na pesa kwenye simu.

Tulikutana kwenye baa moja upande wa Kipsaina, kule unakofika ukitoka Kitale kwa barabara ya Kapenguria kisha ukakata kulia. Mpango ulikuwa wa Mwalimu. Tuagize mbuzi kwanza, kilo tatu, mbavu na mguu, achomwe polepole. Yeye akiwa motoni, sisi tutakuwa tunazunguka Mbuga ya Saiwa Swamp. Tukirudi tutakuwa tumefanya mazoezi na nyama itakuwa tayari, kwa hiyo hata daktari hatakuwa na la kusema.

"Na tukipotea?" nikauliza.

"Huwezi kupotea kwenye mduara. Ukienda kulia unarudi ulipotoka. Ukienda kushoto unarudi ulipotoka. Nani amewahi kupotea kwenye sahani?"

Weita, kijana mwembamba mwenye aproni iliyomzunguka mara mbili, aliandika oda akauliza kama tunalipa sasa ama tukirudi. Mheshimiwa akamtazama vile wanasiasa wanavyomtazama mtu anayeuliza habari za daraja.

"Tukirudi."

Kijana hakubishana. Aliomba namba ya simu ya Mheshimiwa, akaiandika kwenye kiganja chake kwa kalamu, akaenda zake. Mpaka leo naamini kile kiganja ndicho kilichotuletea uhai.

Kwa wasioijua Saiwa, ndiyo mbuga ya kitaifa iliyo ndogo kuliko zote nchini Kenya, haifiki hata kilomita 3 za mraba. Ilitengwa mwaka 1974 kwa sababu ya mnyama mmoja, nzohe, swala anayeishi kwenye matete na maji. Hakuna kuzunguka na gari mle. Ukitaka kuona kitu, unatumia miguu uliyozaliwa nayo, ukifuata njia za msituni na vijia vya mbao vilivyopita juu ya kinamasi, huku mto Saiwa ukipenya humo katikati bila haraka. Pazuri sana. Nasema hivi mapema kwa sababu mbele kidogo sitapata nafasi ya kulisema tena.

Sasa mavazi. Ilikuwa Agosti, na kila mtu wa Trans Nzoia anajua mvua ya Agosti hupenda alasiri. Mwalimu alivaa gambuti. Mimi nilivaa raba kuukuu. Mheshimiwa alikuja na koti, suruali nyeupe, na viatu vya ngozi vyenye ncha, vile vya kuapishiwa.

"Gambuti zako ziko wapi?"

"Wapiga kura hawawezi kuniona na gambuti."

"Walikuona na viatu hivyo," Mwalimu akasema, "na uliona matokeo."

Nililipa kiingilio cha sote kwa simu, tukaingia. Saa ya kwanza ilikuwa ya raha. Juu ya mti mmoja tulimkuta tumbili wa De Brazza, yule mwenye ndevu nyeupe ndefu na paji la rangi ya chungwa. Alikuwa ametuona kabla hatujamwona. Hakukimbia wala kupiga kelele. Alituangalia tu, hatikisiki hata unywele.

"Huyo ameshtuka," Mwalimu akanong'ona. "Wenzake hukimbia, yeye huganda. Anaweza kukaa hivyo saa nyingi mpaka adui achoke aende."

"Angefaa serikalini," Mheshimiwa akasema.

Tukapanda mnara wa kutazamia. Mheshimiwa alifika juu akiwa anapumua kwa mafungu. Mwalimu akatuonyesha masikio mawili kule kwenye matete, akaapa ni ya nzohe. Alitueleza kwamba nzohe akihisi hatari hujizamisha majini, akabakiza pua tu ya kuvutia hewa. Masikio yakapotea. Mvua ikaanza.

Hapo ndipo Mheshimiwa alipokumbuka kwamba anataka picha. Uchaguzi haujafika, lakini yeye ni mtu wa kujipanga, na alitaka aonekane akiwa katikati ya kinamasi akitunza mazingira. Akanipa simu yake. Akasimama kwenye mbao, mkono mmoja kifuani. Akaona matete hayatoshi nyuma yake, akarudi hatua moja. Akarudi nyingine. Mwalimu alikuwa mbele yetu, ametupa mgongo, anaendelea na somo.

"Sasa, kinachomsaidia nzohe ni kwato. Kwato zake ni ndefu na hutanuka akikanyaga, ndiyo maana kwenye tope hazami..."

"MIMI NAZAMA!"

Picha ninayo. Kidole changu kilibonyeza wakati uleule, na inaonyesha koti likiwa wima, mikono miwili hewani, na uso wa mtu aliyetangaziwa matokeo ya kituo cha mwisho. Alizama mpaka kiunoni. Tulimvuta, Mwalimu kwa koti na mimi kwa mkanda, tope likatoa sauti ambayo siwezi kuiandika mbele ya watoto, na Mheshimiwa akatoka. Kiatu cha kulia hakikutoka.

Alitaka kurudi kukitafuta. Alilala kifudifudi kwenye mbao, akaingiza mkono mpaka begani, akapapasa, akaja na fundo la matete.

"Kiache," Mwalimu akamwambia. "Kutoa kitu chochote mbugani ni kosa."

"Ni kiatu changu!"

"Kilikuwa chako. Sasa ni cha serikali."

Tulipofika langoni giza lilikuwa linanyemelea. Askari wa zamu alimkagua Mheshimiwa kutoka juu, akateremka, akafika miguuni, akarudi juu. Akafungua kitabu chake.

"Hapa nimeandika watu watatu wameingia, na watatu wametoka," akasema. "Viatu huwa hatuandiki."

Mambo yangeishia hapo. Barabara tuliyojia ilikuwa mbele yetu, pana, inajulikana, na kwa mbali niliweza kuhisi harufu ya mbuzi, au tumbo langu ndilo lililoihisi kwa niaba yangu. Lakini Mwalimu akasimama katikati ya njia, akanyoosha mkono.

"Hatuwezi kurudi na njia ileile. Huo hautakuwa mduara. Utakuwa mstari."

Nilimwambia mstari unafaa sana. Mheshimiwa, mguu mmoja hewani, akasema hata nukta inafaa. Mwalimu akatukumbusha kwamba daktari aliagiza matembezi kamili. (Daktari hakuwa ameagiza hivyo, lakini karatasi ilikuwa mfukoni mwa Mheshimiwa, na mfuko ulikuwa umejaa tope.) Alikuwa anajua kijia kinachopita katikati ya mashamba na kutokea nyuma ya baa, akakishika, na sisi, tuliomwita Mwalimu kwa miaka mingi kiasi cha kusahau jina lake, tukamfuata.

Mahindi ya Trans Nzoia mwezi wa nane ni marefu kuliko mtu. Yamekomaa kwa kuchoma na kuchemsha, na ndio msimu ambao wenye mashamba hawalali, kwa sababu wezi nao hawalali. Kijia kikawa chembamba. Kikawa mfereji. Kikawa mahindi matupu. Mwalimu alitangaza kwamba magharibi iko upande wa kushoto, akatembea kidogo, akatangaza imehamia kulia.

Mheshimiwa ndiye aliyeteseka. Mguu mtupu, mabua, visiki. Mwishowe akakaa chini, akang'oa mahindi matatu, akayamenya, na yale maganda akayafunga kwenye mguu vizuri sana, fundo juu ya kifundo. Nilistaajabu kuona mtu wa siasa ana ujuzi wa mikono. Mahindi yenyewe aliona dhambi kuyatupa. Akayatia mifukoni mwa koti.

Tukaona tochi. Kwanza moja, halafu nyingi, zinakuja kwa mstari, na mbwa, na sauti ya mama mmoja: "Wako huku! Nimesikia mabua yakivunjika!"

"Gandeni," Mwalimu akanong'ona. "Fanyeni alivyofanya tumbili."

Tukaganda. Nawaambieni ukweli, ujuzi wa yule mnyama ni wa kweli. Tochi zilipita hatua chache tu kutoka tulipokuwa. Mbwa alinusa, akapiga chafya, nadhani kwa sababu ya harufu ya kinamasi, akaendelea. Mtu mwenye rungu alipita karibu kiasi cha kusikia akitafuna muwa. Sauti zikaanza kusogea mbali. Mwalimu alinigusa bega kwa furaha ya mtu ambaye somo lake limeeleweka.

Simu ya Mheshimiwa ikaita.

Mlio wa simu ya Mheshimiwa ni wimbo wake wa kampeni. Hakuwahi kuubadilisha. Unaanza na kinanda, halafu kwaya ya watoto inaimba kwa nguvu zote kwamba mtetezi wa wanyonge amefika.

Tochi zote zikageuka.

Walituzunguka. Mbele alikuwa mzee wa Nyumba Kumi, mwenye kofia ya sufu na fimbo. Mwalimu akasalimia, "Mulembe!" Hakuna aliyejibu, na kule kwetu salamu hiyo isipojibiwa, anza kutafuta pa kukimbilia.

"Mnafanya nini kwenye mahindi ya watu saa hii?"

"Tunatembea kwa ajili ya afya," nikasema.

"Tunamalizia mduara," Mwalimu akaongeza, na hilo halikusaidia.

Mzee akaelekeza tochi kwenye mguu wenye maganda. Akaipandisha kwenye mifuko ya koti. Mahindi yalikuwa yamechungulia nje, yametulia, yanasubiri kuulizwa.

"Mimi ni Mheshimiwa!" mwenzetu akasema, kwa sauti ya jukwaani.

"Ni yeye!" yule mama akapiga kelele. "Huyu ndiye alikuja kwetu kuomba kura na leso za bure! Yangu nilifua mara moja tu, ikachuja rangi yote, ikaharibu na shuka!"

Basi kesi zikawa mbili.

Watoto wa kwaya walikuwa bado wanaimba. Mzee akamnyang'anya Mheshimiwa simu, akaipokea, akaweka sauti ili wote wasikie.

"Nyama imeiva, nyinyi mko wapi?"

Kimya kikatanda shambani.

"Nyama gani?" mzee akauliza.

"Mbuzi! Kilo tatu! Nimegeuza mpaka makaa yamekwisha!"

"Mbuzi wa nani?"

Swali hilo hatukulipenda. Kumbe kijijini mbuzi walikuwa wanapotea. Nikasikia neno "mbuzi" likipita kutoka mdomo hadi mdomo kwenye mahindi, na kila lilipopita lilikuwa limenenepa. Kufikia mwisho wa mstari tulikuwa genge lenye bucha.

Weita alikuwa kijana mwerevu. Aliposikia zile kelele alielewa kila kitu, akapaza sauti kwenye simu: "Msiwaguse! Hao ni wateja wangu! Hawajalipa! Mkiwaumiza nitamdai nani?"

Sijawahi kufurahia deni namna ile. Si muda mrefu boda boda ilinguruma kwenye njia ya shamba, na kijana akashuka na aproni yake, kiganja mbele, akasimama kando ya Mheshimiwa na kulinganisha namba mwilini mwake na ile ya kwenye simu, kwa mwanga wa tochi, mbele ya mashahidi. Zikalingana tarakimu kwa tarakimu. Akaeleza mbuzi alinunuliwa kwa nani, na muuzaji alikuwa shemeji yake yule mtu wa muwa.

Mzee akatoa uamuzi palepale. Mahindi matatu yalipwe. Mama akataja bei ambayo ndani yake nadhani kulikuwa na shuka. Nililipa kwa simu, ikaingia, akaisoma mara mbili, akatabasamu. Kisha mzee akasema kwamba yeye kama kiongozi hawezi kumalizia ripoti bila kumwona huyo mbuzi kwa macho, na wenzake wote wakakubali kwamba ushahidi unahitaji watu wengi.

Mheshimiwa alipandishwa boda boda pamoja na weita. Mimi nilipata nafasi kwenye pikipiki ya jirani. Mwalimu akakataa kabisa.

"Mduara haukamilishwi kwa pikipiki," akasema, akashika njia kwa miguu, na yule mbwa akamfuata.

Tulipofika, raia walikuwa wameshavuta viti. Kachumbari iliongezwa, ugali ukaongezwa, na Mheshimiwa, maganda bado mguuni, akaona umati umekaa umetulia na akashindwa kujizuia. Alihutubia. Waliitikia kila sentensi kwa vinywa vilivyojaa. Mama wa leso alimpigia makofi akiwa ameshika ubavu.

Mwalimu aliingia mbavu zikiwa zimekwisha na mguu umebaki mfupa. Alikaa, akapangusa gambuti, akatutangazia kwamba yeye peke yake ndiye aliyezunguka Saiwa kikamilifu. Mzee wa Nyumba Kumi alikuwa anachokonoa meno. Alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akamuuliza kama Jumamosi ijayo tutapita tena kwenye mahindi, ili wajue wasipike.