Alfajiri Linaumwa, Gereji Linapona

Mimi sina ugomvi na gari bovu. Gari bovu unafungua boneti, unaangalia, unaguna, unalipa, yanaisha. Ugomvi wangu ni na gari linalochagua nani alione likiumwa.

Langu likilala usiku kucha, asubuhi nikipiga stata linawaka, sikatai. Ila linawaka kwa shingo upande. Linatetemeka mpaka kwenye kioo cha pembeni kila jirani namwona wawili. Mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika, ambao injini ikiwa baridi unatakiwa usimame kwenye 1,200 au juu kidogo, unaporomoka hadi 500, unashtuka, unapanda, unaporomoka tena. Nikitoa mguu kwenye mafuta, linazima. Nikikanyaga, linapaliwa kwanza ndipo liruke. Jirani anafungua dirisha. Hasemi kitu. Anatazama tu, lakini lile jicho nimelielewa.

Subiri injini ipate moto sasa. Kimya! Mizunguko 750, inanguruma kwa adabu zote. Na kwa kuwa sijajengewa gereji mlangoni, kila nikifika kwa fundi gari limeshapata moto. Fundi anainamisha sikio, anazungusha shingo, ananitazama kwa huruma: "Bosi, mbona injini nzima hii?" Namwambia asubuhi inamisi. Anatikisa kichwa kama daktari anayesikiliza mtu aliyeota. Gari nalo limetulia pale, kama mtoto anayeumwa tumbo siku za mtihani tu.

Halafu washauri. Shemeji yangu, ambaye gari analijua kwa kukaa kiti cha mbele, alishatoa hukumu kabla sijamaliza kueleza: "Plagi hizo." Tukazitoa. Kavu, rangi ya kahawia hafifu, mwanya 1.1 mm kama kitabu cha gari kinavyotaka. Tukazirudisha. Mwingine akasema petroli chafu. Sawa, ni chafu, lakini inajisafisha vipi yenyewe injini ikipata moto? Akaniona mbishi. Kuna aliyeniambia niwe naliacha linaunguruma nusu saa kila asubuhi kabla ya kuondoka. Huyo hajawahi kuwa na jirani kama wangu.

Ndipo nikampata fundi mwenye maneno machache. Kwanza akafungua throto, akanionyesha masizi meusi yaliyoganda ukingoni mwa kile kibati kinachopitisha hewa. Akasafisha. Gari likapata nafuu kidogo, ile nafuu ya kumfurahisha mgonjwa tu. Kisha akasema mipira ya hewa na gasketi zikizeeka hukakamaa, injini ikiwa baridi hewa inapenya, ikipata moto zinatanuka na kuziba. Nikasema moyoni, ndiyo hiyo! Akasukuma moshi kwenye njia ya hewa aone utatokea wapi. Haukutokea popote. Hapo nikaanza kumheshimu, maana wengine wangeshanibadilishia gasketi zote kwa kubahatisha.

"Liache lilale hapa," akasema.

Kurudi nyumbani kwa miguu ukiwa na funguo za gari mfukoni ni adhabu. Jirani aliniona, akaona na nafasi tupu ya kuegesha. Nina hakika usiku ule alilala vizuri.

Asubuhi fundi hakuniruhusu hata kugusa stata. Akachomeka kile kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, akawasha swichi tu, akanigeuzia kioo. Hewa inayoingia: nyuzijoto 17. Maji ya rejeta ndani ya injini: 74.

Sabini na nne! Gari limelala nje, boneti ina umande, mimi mwenyewe meno yanagongana, na lenyewe linaripoti limetoka safari.

Kumbe gari likilala usiku mzima namba zile mbili zinatakiwa zikaribiane. Zikiachana hivyo, sensa mojawapo, yaani kipima joto kinachoipasha kompyuta habari, inasema uongo. Ya maji ni kidude cha ukubwa wa kidole gumba, kimejichimbia karibu na themostati. Kikiwa baridi, upinzani wake wa umeme unakuwa mkubwa. Kikipata moto, unashuka. Fundi akachomoa waya, akaweka mita: upinzani ohm 380. Kwenye baridi ile ilitakiwa ipite 2,000.

Basi kompyuta, masikini, inaamini inachoambiwa. Ikisikia 74 inapima petroli ya injini iliyopata moto na kushusha mizunguko. Injini baridi haitaki hivyo. Petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye baridi, nyingine inanata kwenye kuta za njia ya hewa, kwa hiyo lazima iongezwe ndipo silinda zipate ya kuwaka. Zangu zilikuwa zinafungishwa saumu kila alfajiri. Injini ikishapata moto kweli, uongo na ukweli vinakutana, na sensa ya oksijeni kwenye ekzosi nayo inaamka kurekebisha kinachobaki. Taa ya injini kwenye dashibodi haikuwaka hata siku moja, kwa sababu 74 ni namba ya heshima. Ingesema 400 ingekamatwa mapema.

Akaliwasha waya ukiwa umechomolewa. Kompyuta ikaona haina taarifa, ikatumia makadirio yake ya dharura, feni ya rejeta ikaanza kuvuma, na injini ikatulia tuli ikiwa baridi vile vile. Nilitaka nimkumbatie, ila alikuwa na oili mpaka kwenye viwiko.

Kubadilisha kwenyewe hakukuchukua muda. Kulanti, yaani yale maji ya rejeta, ilimwagika kidogo, akaongeza, akatoa hewa kwenye rejeta, basi. Kwa sasa linawaka kwenye 1,300, linashuka taratibu lenyewe, hakuna kutetemeka. Jirani bado anafungua dirisha asubuhi, sijui sasa anatafuta nini.

Nikampigia shemeji kumweleza ilikuwa sensa. Akacheka kwa kujiamini. "Si nilikwambia ni umeme?"

"Shemeji, ulisema plagi."

"Kwani plagi inatumia kuni?"